Nimesomea hoteli, nataka biashara ya kimataifa: je, nimepotea njia?

Swali. Shikamoo mama. Nina miaka 24, naishi Kisauni. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli na nimekaa mapokezi miaka miwili kwenye hoteli moja ya ufuoni, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Msimu ukiwa mbaya tunaambiwa tukapumzike nyumbani. Ninachotaka hasa ni kufanya biashara ya kimataifa, lakini marafiki wananiambia nimeshakosea, nirudi chuo nianze digrii ya biashara upya. Tena kuna wakala anasema ana nafasi ya uhudumu Doha, na anataka shilingi 80,000 kabla ya Ijumaa. Nifanye nini? Na hiki nilichosoma, ni bure?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo wakala, maana swali lake lina Ijumaa ndani yake. Usimpe hata thumni kabla hujamjua. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa kupeleka watu ng'ambo, iko mtandaoni na kuisoma ni bure. Jina lake likikosekana, mazungumzo yamekwisha. Likiwepo, mwambie akupe mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara, saa za kazi na nani analipa tiketi, uende nao nyumbani ukausome na mtu mzima. Akikukimbiza, ana lake.

Na kwa kuwa uko Mombasa, baada ya huyo atakuja mwingine na kazi ya meli za kitalii. Huyo umjibu kwa sheria. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, na mhudumu wa meli ya kitalii ni baharia kama alivyo nahodha. Unachojilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayekuomba "ya usajili" anakuomba ya mfukoni kwake.

Doha yenyewe si mahali pabaya. Nawajua wasichana waliojenga Mtwapa kwa mshahara wa Ghuba. Ila wewe umeniuliza habari ya biashara, na miaka miwili ya kubeba trei Doha itakupa ujuzi wa kubeba trei Doha. Kama nyumbani kuna ada za wadogo zako na njaa haisubiri, nenda, hakuna aibu. Lakini ujue umekwenda kutafuta pesa, na safari hii unayoniuliza umeiweka kando kwa muda.

Sasa tuje kwenye kupotea njia. Mimi nilimaliza chuo cha hoteli mwaka 1993, nikaajiriwa ng'ambo ya Likoni, kwenye hoteli ya vyumba mia na kitu. Nilianza mapokezi kama wewe, kisha nikahamishiwa kwa kontrola, yule anayekagua gharama za vyakula na vinywaji, kwa sababu aliyekuwepo alikwenda kujifungua na mimi hesabu hazikunitisha. Agosti 1997 Likoni ikachafuka. Wiki chache tu wageni walikuwa wameshafuta safari zao, na sisi tukaitwa ofisini mmoja mmoja tukapewa barua. Nakumbuka nikivuka na feri, begi la sare mapajani, nikatazama upande wa Kilindini. Kreni zinainama na kuinuka, malori yamejipanga, meli nyingine iko nje inangoja zamu yake. Nilikasirika, wallahi. Mji mmoja, bahari moja, na mimi nimejifunga kwenye shughuli inayokimbia ikisikia mlio wa bunduki, huku ile ya pili haijajua hata kama kuna ghasia.

Mwezi wa Novemba nikapata kibarua kwenye ofisi ya klia na fowadi, wale wanaotoa mizigo forodhani na kuisafirisha, ghorofa ya pili, Moi Avenue. Sikuajiriwa kwa kujua forodha. Niliajiriwa kwa sababu wateja walikuwa wakali kwenye simu na mwenye ofisi alitaka mtu asiyetetereka akitukanwa.

Wiki ya kwanza akapiga simu mzee mmoja wa Eldoret. Kontena lake la kwenda Ulaya lilitakiwa liondoke Jumamosi, sasa ni Jumanne na bado liko gatini. Nikamsikiliza, nikaenda kumuuliza karani mkuu, naye akanijibu bila kuinua kichwa: meli ilijaa, litapanda ijayo. Nikashika ukuta nikacheka. Hiyo kazi nilikuwa naijua! Hoteli yenye vyumba 100 huuza 104, kwa kuwa inajua wapo wasiofika. Siku wakifika wote, wewe wa mapokezi ndiye unayemweleza mtu aliyetoka Frankfurt na watoto wawili kwamba usiku huu atalala kwa jirani. Kampuni za meli nazo huuza nafasi kuliko walizonazo, kwa sababu ile ile: chumba kilicholala bure leo hakiuziki kesho, na nafasi ya kontena kwenye meli iliyokwisha ng'oa nanga imekwenda. Nikamrudia yule mzee nikamwambia kama ninavyomwambia mgeni: kimetokea nini, litaondoka lini, na sisi tunafanya nini hadi siku hiyo. Akasema ahsante. Karani mkuu ndipo akainua kichwa.

Ndiyo maana nakwambia ulichosoma si bure. Kiko pale, ila bandarini kina jina jingine, na bila jina hilo hakuna atakayekutambua. Ngoja nikuonyeshe kimoja kwa marefu, maana hiki ndicho kilichonilisha miaka yote.

Chukua kadi ya gharama ya sahani, ile mliyofundishwa mwaka wa pili mkaiona inachosha. Samaki wa kupaka, bei za mfano tu: samaki 350, tui 60, viungo na ndimu 40, gesi na mafuta 30. Jumla shilingi 480. Menyu inasema 1,500. Chakula kimekula asilimia 32 ya bei, kontrola anapumua.

Sasa uweke kontena mahali pa samaki. Bidhaa imenunuliwa ng'ambo kwa dola 20,000, tayari imepakiwa melini. Nauli ya bahari 2,300, bima 200. Imefika Kilindini kwa 22,500. Tuseme iko kwenye kundi la asilimia 25 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki: hapo unaongeza 5,625. VAT ya asilimia 16 haihesabiwi juu ya bei ya kununulia. Inahesabiwa juu ya mzigo pamoja na ushuru wake, yaani 28,125, nayo ni 4,500. Umefika 32,625, na bado hujagusa tozo ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, ada za bandari, wakala, wala lori la kutoka Changamwe. Na ukichelewa kuutoa mzigo, siku za bure zikiisha, bandari inakuhesabia uhifadhi na mwenye kontena anakuhesabia kontena lake, kila mmoja kwa mita yake.

Mgeni wa biashara huuliza, "Kule ni bei gani?" Aliyekaa kwa kontrola huuliza, "Mlangoni kwangu imefika kwa ngapi?" Nimewaona watu wenye digrii nzuri wakipoteza mtaji wa familia kwa kutouliza hilo la pili. Wewe umelifanya kwa samaki na tui mara mia.

La pili nitalipitia haraka. Kuna maneno utayasikia kila siku: FOB, CIF, EXW, DDP. Ni masharti ya Incoterms, ya kugawana gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, yanayotungwa tangu 1936 na Chama cha Kimataifa cha Biashara kilichoko Paris, na toleo linalotumika sasa ni la 2020, lina masharti 11. Watu wanayakariri kama Alfatiha bila kuyaelewa. Wewe yafikirie kama usafiri wa mgeni kutoka uwanja wa ndege wa Moi. Yuko anayelipa chumba tu, anajitafutia teksi. Hiyo ni EXW, mnunuzi anaufuata mzigo mlangoni kwa muuzaji. Yuko aliyelipa kila kitu, anachukuliwa kwake hadi kitandani. Hiyo ni DDP. Katikati ndimo wanamogombana. CIF, kwa mfano, muuzaji analipa nauli na bima hadi bandari ya kufikia, lakini hatari ya mzigo imeshahamia kwa mnunuzi tangu ulipopakiwa melini kule ulikotoka. Ni kama hoteli kukulipia teksi, kisha begi likipotea njiani ikawa ni lako. Ukilielewa hilo moja tu, umewapita wengi wanaojiita waagizaji.

Basi kinachokupungukia ni nini? Karatasi. Na bidhaa moja.

Kwenye karatasi nikupe aibu yangu. Mwaka 1998 nilikuwa nimeshaaminiwa kuandaa hati za mzigo wa kwenda nje. Mnunuzi alikuwa Karachi na malipo yalikuwa kwa LC, ile ahadi ya benki kwamba muuzaji atalipwa akileta hati zilizotajwa, zikiwa sawasawa. Nikapiga taipu orodha ya upakiaji: kilo 18,240. Hati ya shehena, ambayo Kilindini nzima inaiita BL, ikatoka 18,420 kwa sababu ndivyo nilivyowaandikia kampuni ya meli. Mzigo ulikuwa mzima, haukupungua gunia. Lakini benki hushughulika na hati, haishughuliki na magunia. Benki ya kule ikakataa, muuzaji akakaa wiki tatu bila pesa zake, na BL ikabidi irekebishwe kwa ada. Mwenye ofisi hakunipigia kelele. Aliweka karatasi mbili mbele yangu, kidole kwenye namba, akasema, "Soma kwa sauti." Nikasoma. "Tena." Nikasoma tena. Mpaka leo hati haitoki mezani kwangu kabla sijaisoma kwa sauti, na wafanyakazi wangu wananicheka.

Kwa hiyo jifunze karatasi tano kwanza, uzijue kama unavyojua fomu ya kumsajili mgeni: invoisi ya biashara, orodha ya upakiaji, hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa, na tamko la forodha. Hicho cha asili vijana wanakidharau, nacho kina pesa. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya umeanza kutumika 1 Julai 2024, na soko huru la Afrika linafanya biashara tangu 1 Januari 2021. Nafuu zote za ushuru humo zinategemea uthibitishe kwamba bidhaa imetoka hapa kweli. Mtu anayejua kuithibitisha hakosi wa kumpigia simu.

Halafu namba ya bidhaa, ile HS ambayo forodha huitambulia bidhaa. Tarakimu sita za mwanzo ni zile zile karibu dunia nzima. Chai nyeusi kwenye paketi isiyozidi kilo 3 ni 0902.30, ikizidi hapo ni 0902.40. Korosho yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32, na tofauti hiyo ya tarakimu moja si mchezo, kwa sababu Kenya ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi mwaka 2009. Namba moja inakupeleka melini, nyingine inakupeleka kwa wakili.

Bidhaa sasa. Chagua moja. Ukiniuliza mimi, mwenye ulimi na pua vilivyofunzwa kwenye chumba cha chakula angetazama chai kabla ya kitu kingine chochote. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia hapa kwetu 1969, na tangu 2020 wanunuzi wanashindana kwenye kompyuta badala ya kupaza sauti ukumbini. Inauzwa kwa dola, kila wiki, na si ya Kenya peke yake: inashuka ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na kwingineko. Wanunuzi wakubwa ni Pakistan na Misri. Wapo watu wameketi Nyerere Avenue na Nkrumah Road, hawajapanda ndege mwaka mzima, na kila asubuhi wanaandikiana na Karachi na Cairo kuhusu mamilioni ya shilingi. Hiyo ni kimataifa, mwanangu, na inafikika kwa matatu.

Kama hujawahi kuingia chumba cha kuonjea chai, jitahidi uingie hata mara moja. Meza ndefu chini ya dirisha, vikombe vyeupe vimepangwa kama askari, na mbele ya kila kikombe kuna majani yaliyopikwa yamemwagwa juu ya kifuniko yatazamwe rangi. Muonjaji anapita na kijiko. Anavuta kwa kelele ambayo nyumbani ungepigwa kibao, anaizungusha mdomoni, anatema kwenye chombo cha magurudumu anachokisukuma kwa mguu, na msaidizi anaandika: kali, nyororo, imeungua kidogo. Chai hupangwa kwa madaraja ya chembe zake: BP1 ina chembe kubwa, PF1 ndogo zaidi, kisha PD na D1 zilizo karibu na vumbi. Siku ya kwanza hutaona tofauti. Mimi siku ya kwanza niliona kiu tu.

Chai ikikushinda, Pwani haikosi kingine: maembe na korosho za Kilifi, bidhaa za nazi, samaki. Au ukae upande wa uagizaji, kuuzia hoteli vitu vyao. Huko ndiko wengi wenu mngeanza kwa wepesi zaidi, nitarudi hapo mwishoni.

Sasa mlango wa kubisha. Usiombe "kazi yoyote". Omba dawati la huduma kwa wateja kwenye kampuni ya meli, ya mizigo, ya klia na fowadi, au karani wa hati kwenye kampuni ya chai. Na wasifu wako uuandike upya kabisa. Nimeusoma ule ulioniambatishia. Umeandika: "Mchapakazi, mwenye nidhamu, napenda kufanya kazi na watu." Kila mtu Mombasa anapenda kufanya kazi na watu siku ya kuomba kazi. Andika hivi: "Kwa miaka miwili nimefunga hesabu za zamu ya usiku katika hoteli ya vyumba kadhaa" (taja ni vingapi), "nimepokea malipo kwa shilingi, dola na yuro na kulinganisha na benki kila asubuhi, nimeshughulikia malalamiko kwa Kiingereza na Kijerumani." Hayo yote umenieleza kwenye barua yako ukurasa wa pili kama mambo madogo. Meneja wa mizigo akisoma "kulinganisha na benki kila asubuhi" atakuita.

Nikuonye kuhusu kitu kimoja ambacho hakuna atakayekuambia. Mwanzoni utashuka. Hutakuwa na sevisi chaji, bakshishi, chakula cha kantini, wala basi la wafanyakazi la saa kumi na moja alfajiri. Mshahara wa karani mpya ukiutazama peke yake utaona kama umedhulumiwa. Hesabu vizuri kabla ya kuhama, na hama Aprili, masika yanapoanza na hoteli yenyewe inakuambia ukapumzike. Badala ya kukaa nyumbani Kisauni ukingoja simu, nenda ukaombe miezi mitatu ya kujifunza kwenye ofisi ya mizigo. Hapo hujaacha kazi, na hoteli haiwezi kukulaumu.

Masomo? Digrii mpya ya miaka minne, hapana, si sasa. Utamaliza ukiwa na miaka 28, huna bidhaa, huna karatasi, na una deni. Kipo cheti cha Afrika Mashariki cha utendaji wa forodha na uwakala wa mizigo, kinachoendeshwa na shirikisho la mawakala wa mizigo pamoja na mamlaka za mapato za nchi zetu. Shule ya mapato ya KRA ina tawi hapa Mombasa, na Chuo cha Bandari kipo mji huu huu. Soma hicho huku unafanya kazi. Baada ya miaka miwili mitatu, ukishajua kama unapenda ununuzi, usafirishaji au fedha, ndipo uchukue digrii ya jioni, na uulize kwanza chuo kitakupunguzia masomo mangapi kwa diploma uliyonayo. Wengine hawaulizi, wanarudia mwaka mzima wa vitu wanavyovijua.

Lugha. Kijerumani chako cha mapokezi ni kizuri kwa kumwambia mtu kifungua kinywa kinaanza saa moja. Kama unakitaka kikusaidie, kifikishe B1, ngazi ya kati, chenye cheti. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mnamo 13 Septemba 2024, na kule mafunzo ya kazi ya hoteli huchukua kwa kawaida miaka mitatu, ukilipwa huku unasoma. Hiyo ni njia halali ya kwenda nje na ni bora mara kumi kuliko ya huyo wako wa Ijumaa. Lakini kwa mizigo ya Mombasa ningekushauri Kifaransa. Kontena za kwenda Kongo zinapita hapa, Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na hati zao ni za Kifaransa. Mteja mwenyewe wa Goma utazungumza naye Kiswahili, chake kina ladha yake lakini mtaelewana. Watu wa kwetu wanasahau kwamba Kiswahili ni lugha ya biashara ya kimataifa, sijui kwa nini, wakati babu zetu walikuwa wakikitumia hivyo kabla ya kuwapo kontena, majahazi yakishuka na kaskazi na kurudi na kusi.

Nikurudishe kwenye kuuzia hoteli, kama nilivyoahidi. Jumatatu ukiingia zamu, nenda stoo wakati wa chai. Mwombe mtu wa stoo, kwa heshima, na umpelekee mahamri, akuruhusu utazame katoni tupu kabla hazijatupwa: za mafuta ya zeituni, jibini, pasta, mvinyo, hata karatasi za chooni kama zimetoka nje. Kwenye lebo kuna nchi ilikotengenezwa, na mara nyingi kuna jina la mwagizaji na anwani yake. Andika. Kisha omba uone invoisi moja yao, si ya siri, ile inayokuja na mzigo, utazame wanaipa hoteli siku ngapi za kulipa na ni vitu gani hurudishwa mara kwa mara. Hao wanaagiza kutoka nje na wanauza kwa watu wa hoteli, na wengi wao hawana ofisini hata mtu mmoja aliyewahi kusimama jikoni saa mbili usiku krimu ikiwa imeisha. Katoni kumi zitakupa majina sita saba, maana mengine yatajirudia. Niletee orodha hiyo, tuone ubishe kwa nani kwanza.